Kuchagua Kipanya cha Mashindano kwa Mchezaji wa Mara

Kabla hujatoa mfukoni hata shilingi moja kwa ajili ya kipanya, ewe msomaji, jiulize kwanza ni katika mchezo gani unakusudia kushindana, kwa sababu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wanaojiita wachezaji wa gemu, na wanaolistahiki jina hilo pasi na ubishi, hawana haja ya kipanya hata kidogo. Anayecheza kandanda ya pleisteshini katika vibanda vya Nyasho ana pedi mkononi. Anayecheza Free Fire au PUBG kwa simu ana vidole gumba viwili. Na hata yule binti wa Kenya, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU kwa ustadi wake wa Tekken, hakufika huko kwa kipanya. Kipanya ni silaha ya michezo ya namna mbili hasa, yaani ile ya kulenga shabaha, kama Counter-Strike na Valorant, na ile ya kuamuru mashujaa na majeshi, kama Dota 2 na League of Legends. Ikiwa mchezo wako haumo humo, itunze fedha yako ununue pedi njema. Na ikiwa fedha yenyewe ni ya mzazi, naye anaguna kusikia kwamba mchezo nao wahitaji vyombo, mkumbushe kwa adabu kwamba Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikuwa mpenzi wa bao, na hatujasikia mtu akidai kuwa bao lilimpunguzia akili.

Kwa aliyebaki nami, jambo la kwanza la kutazama ni mkono wake mwenyewe. Jina lililopigwa chapa juu ya kasha, na taa za rangi saba zinazowaka na kuzimika chini ya kioo cha duka, vitasubiri. Tandaza juu ya meza mkono unaoutumia, upime kwa rula tangu mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Wazoefu huchukua sehemu sita katika kumi za urefu huo kuwa ndio urefu wa kipanya wa kuanzia: mwenye mkono wa sentimita 19 ataanza kutafuta penye milimita 114 au karibu yake, na mwenye mkono wa sentimita 21 ataanza penye milimita 126. Nasema ataanza, kwa kuwa namna ya kukamata huweza kuitengua hesabu hii yote. Yuko mtu anayelaza kiganja kizima juu ya mgongo wa kipanya na kukisukuma kwa nguvu za kiwiko na bega, naye hufaliwa na kipanya kirefu chenye nundu ya kujaza kiganja. Yuko anayekunja vidole na kuvisimamisha juu ya vitufe, kiganja kikigusa sehemu ya nyuma tu, naye hutaka nundu iliyo nyuma zaidi na ubavu uliobonyea kidogo ili kidole gumba kipate mahali pa kukaa. Tena yuko anayekishika kwa ncha za vidole peke yake, kiganja kikielea hewani. Huyu kipanya kikubwa humtesa, hata kingekuwa cha thamani ya ng'ombe wa Tarime.

Hujui wewe ni yupi kati ya hao? Usijitazame unapofikiri juu yake, maana mtu akijitazama hubadilika. Cheza mchezo wako kwa nusu saa kwa kipanya chochote kilichopo, halafu mwambie rafiki akupige picha ya mkono pasipo kukuarifu. Picha hiyo itakufaa kuliko nasaha za wauzaji kumi.

Uzito nao ni jambo la mkono. Miaka ishirini iliyopita kipanya cha mchezaji kilikuwa na gramu 100 na zaidi, na baadhi viliwekewa vipande vya chuma vya kuviongezea uzito, kana kwamba uzito ulikuwa heshima. Leo mwelekeo umegeuka, na mwaka 2020 Logitech walitoa G Pro X Superlight isiyotimia gramu 63. Wepesi una maana kwa mchezaji wa kulenga shabaha, ambaye hukiinua na kukirudisha kipanya mara mamia katika pambano moja. Walakini rai yangu ni kwamba ukishashuka chini ya gramu 85 au 80, kila gramu kumi unazopunguza zaidi ya hapo ni anasa, nawe unazilipia kwa bei ya ghali na kwa ganda jembamba linalolia ukilibana. Mchezaji wa Dota 2 asijisumbue na suala hili hata kidogo.

Mkulima wa Butiama hanunui mpini wa jembe kwa kuutazama; huukamata, akauinua na kuushusha hewani mara mbili tatu, ndipo akatia neno la bei. Nawe fanya vivyo hivyo, iwe uko katika duka la vifaa vya kompyuta Mtaa wa Mukendo, au katika steshenari ya Bunda ambamo vipanya huning'inizwa baina ya daftari na chaja za simu. Ukimkuta mzee nyuma ya meza, mwamkie shikamoo kwanza, kisha umwombe ruhusa ya kufungua kasha; ukimkuta kijana wa rika lako, mwambie, “Kaka, niruhusu nikishike kidogo kabla sijalipa.” Aghalabu hawakatai. Ukishakipata mkononi, tazama kama kidole gumba kinavifikia vitufe vya ubavuni bila kujinyosha, kama kidole cha pete na kile cha mwisho vina mahali pa kukaa bila kukwaruza meza, na kama waweza kukiinua kwa kukibana pande mbili tu. Plastiki inayong'aa ina wajihi mzuri dukani, bali katika joto la kando ya ziwa, mkono ukitoka jasho, huteleza. Chagua yenye ngozi iliyokwaruzika kidogo. Anayetumia mkono wa kushoto ahakikishe kwamba umbo ni sawa pande zote mbili, kwa maana vipanya vingi vilivyopinda vimechongwa kwa ajili ya wa kulia peke yao.

Maumbo mengi utakayoyaona yana nasaba. Lile lililopinda kwa mkono wa kulia, lenye nundu pana, laweza kufuatwa hadi IntelliMouse Explorer ya Microsoft, na Emil Christensen wa Uswidi, mchezaji mashuhuri wa Counter-Strike aliyejulikana kwa jina la HeatoN, aliposhirikiana na kampuni ya Zowie, kipanya walichokiunda kilipewa herufi za jina lake, EC. Viwanda vingi vimeiga umbo hilo, vingine kwa bei ya chini sana, na hapo ndipo mchezaji asiye na fedha nyingi hupata nafuu, kwa kuwa umbo zuri halipungui uzuri kwa sababu limeigwa.

Sasa tuingie tumboni mwa kipanya. Kile cha kwanza kabisa, alichokibuni Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English katika Stanford Research Institute huko California mwaka 1964, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu, na kipanya kilioneshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Vikafuata vipanya vya gololi, ambavyo kila aliyepata kutumia kompyuta za zamani anavikumbuka kwa sababu moja, yaani uchafu: gololi ilibiringika juu ya meza, ikazoa vumbi na kulipeleka ndani, na kishale kikaanza kukwama. Mwaka 1999 Microsoft waliuza kipanya chenye taa na kamera ndogo mahali pa gololi, na utaratibu huo ndio uliomo hata leo: kihisi hupiga picha za uso wa meza maelfu kwa sekunde, huzilinganisha, na kwa tafauti baina yake hujua umekwenda wapi na kwa umbali gani. Kwetu, penye vumbi la barabara za Bunda na mchanga wa pwani ya Musoma, hilo lilikuwa ni neema kubwa, lakini si kinga kamili. Unywele mmoja ukiingia katika tundu la kihisi, au mmoja wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga wa skrini usiku dirisha likiwa wazi, kishale kitarukaruka nawe utadhani umeuziwa kipanya kibovu. Kabla ya kumlaumu muuzaji, kipindue, upulize tundu, ulipangushe kwa pamba kavu.

Juu ya kasha utaona namba kubwa iliyoandikwa kwa majivuno: nukta 12,000 kwa inchi, 25,600, au zaidi ya hapo. Namba hii ni kishale kitakwenda nukta ngapi kwa kila inchi unayosogeza mkono, na haina uhusiano wowote na ubora wa kulenga. Nikupe hesabu yake. Katika Counter-Strike, mwenye nukta 800 na kipimo cha mchezo (sensitivity) cha 1 atasogeza mkono karibu sentimita 52 ili ageuke duara zima. Mwenye nukta 400 na kipimo cha 2 atasogeza zile zile 52. Mwenye nukta 25,600, akibaki na kipimo cha 1, atageuka duara zima kwa mwendo wa sentimita moja na nusu na ushei, na akipiga chafya atajikuta anatazama ukuta wa nyuma. Mastadi wa mchezo huo wengi hubaki baina ya nukta 400 na 1,600, na kipanya chochote cha heshima kinazifikia. Kwa hiyo usilipie nukta.

Ulipie kihisi kisichopotea. Ukiona katika maelezo ya kipanya kuna PMW3360 au PAW3395, ambavyo ni vihisi vya PixArt ya Taiwan, au HERO ya Logitech, huna haja ya kuuliza zaidi, kwa maana hata kile cha kwanza, kilicho kikongwe kuliko wenzake hao, kina kasi inayopita ya mkono wa binadamu. Kisipotajwa, kijaribu mwenyewe kwa kompyuta ya duka. Weka kishale juu ya alama fulani ya skrini, alama ya meza nayo uikumbuke, sogeza kipanya kulia polepole kisha ukirudishe kwa nguvu zako zote hadi pale pale mezani: kishale kikirudi karibu na alama, kihisi ni kizima; kikiishia mbali, au kikaruka hadi juu ya skrini, weka kipanya chini ushukuru. Halafu fungua programu ya kuchora, uchore polepole mistari ya mshazari. Ikitoka imenyooka kuliko mkono wako unavyoweza, kipanya kinakusahihisha bila idhini yako, na hilo katika mashindano ni hasara. Kabla ya majaribio haya yote ingia katika mipangilio ya Windows uondoe alama katika kile kisanduku kinachodai kuongeza usahihi wa kishale, kwa sababu kazi yake hasa ni kukiongezea mwendo mkono unapokwenda kasi, na mkono hauwezi kukariri umbali unaobadilika.

Namba nyingine ya kasha ndiyo inayowatoa watu fedha nyingi siku hizi, nayo ni mara ngapi kwa sekunde kipanya kinaipelekea kompyuta habari. Kipanya cha ofisi hupeleka mara 125, yaani kila baada ya milisekunde 8. Kipanya cha michezo hupeleka mara 1,000, yaani kila milisekunde moja. Na vya ghali hupeleka mara 8,000, yaani kila sehemu ya nane ya milisekunde. Kutoka 125 kwenda 1,000 ni hatua ya kweli, nami nakusihi usiiache. Lakini kutoka 1,000 kwenda 8,000 unachuma pungufu ya milisekunde moja, na hapa yafaa mtu wa Mara ajue amekaa wapi duniani. Mchezaji wa Counter-Strike wa kwetu aghalabu huunganishwa na seva za Johannesburg au za Dubai. Kutoka Musoma hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,800 kwa mstari ulionyooka. Nuru ndani ya nyuzi za kioo huenda kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde. Basi kwenda na kurudi, hata waya ungenyoshwa moja kwa moja juu ya nchi zote zilizo katikati, hakupungui milisekunde 28. Na waya haukunyoshwa hivyo, maana njia ya kawaida hupita kwanza hadi pwani, Dar es Salaam, ambako nyaya za chini ya bahari kama SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010 zinatua, ndipo ishike safari ya kusini. Fauka ya hayo kuna mnara wa simu unaogawanya nguvu zake kwa mtaa mzima saa mbili usiku. Tena skrini ya kompyuta ya kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde, ambazo ni karibu milisekunde 17 kwa kila picha. Katika mzigo huo wa taksiri, ile robo tatu na ushei ya milisekunde unayoambiwa uinunue haina mahali pa kuonekana, na fedha yake ingefanya kazi zaidi katika kifurushi bora cha intaneti au katika skrini ya picha 144. Hukumu hii inalegea kidogo mkiwa chumba kimoja, kompyuta zimeunganishwa kwa nyaya, kama wafanyavyo wanafunzi mabwenini. Hapo ucheleweshaji wa mtandao unakuwa si kitu, na mara 1,000 kwa sekunde ni wajibu kwa kila anayetaka kushinda.

Waya au pasiwaya? Zamani jibu lilikuwa waya, leo hali imebadilika, bali kwetu ina masharti yake. Kipanya cha pasiwaya cha ofisi, kile cha bei ya chakula cha mchana, usikiingize katika mashindano, na wala usitegemee bluutuuthi; tafuta chenye kipokezi chake maalumu cha USB, ukiweke kipokezi hicho karibu na mkono kwa waya wa kurefushia, badala ya kukichomeka nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza. Halafu uulize habari ya betri. Vingi vina betri ya ndani inayochajiwa, nayo huchoka baada ya miaka, na usiku wa kukatika umeme uliosahau kuchaji utabaki mikono mitupu. Logitech G305, iliyotoka mwaka 2018 na kuuzwa kwingine kwa jina la G304, hutumia betri moja ya AA inayodumu hadi saa 250, na betri hiyo iko katika kioski chochote cha Bunda. Uzito wake na betri ni gramu 99, jambo ambalo wapenda wepesi hawaliridhii, ila mimi kwa mazingira yetu naliona ni biashara nzuri. Asiyeweza hiyo achukue chenye waya bila haya, mradi waya uwe laini, nao aufunge juu kidogo kwa kibanio ukingoni mwa meza usije ukakivuta.

Ugonjwa utakaokiua kipanya chako, kisipoibwa, ni wa vitufe: unabonyeza mara moja, nacho kinapeleka mbili. Sababu ni kipande cha shaba kilicho ndani ya swichi, kinachochoka na kuingia kutu, na hewa yenye unyevu ya ziwani haikisaidii. Kasha laweza kuahidi mibonyezo milioni 20 au 50, ahadi hizo zisikulaze usingizi. Swichi za mwanga, ambazo mbonyezo wake husomwa kwa miale badala ya shaba kugusana, hazina ugonjwa huo. Kwa zile za kawaida, dawa ni fundi: yeyote anayechomelea bodi za simu aweza kuing'oa swichi na kutia mpya, na swichi zenyewe ni rahisi kwa bei. Uliza mapema kama skrubu za kipanya ziko wazi au zimefichwa chini ya nyayo za plastiki, maana nyayo zikibanduliwa kwa pupa hazirudi sawasawa.

Ghushi zipo, tena nyingi, hasa za majina makubwa. Programu ya kiwanda ndiyo shahidi wa kwanza: kipanya cha kweli cha Logitech hutambuliwa na G HUB, cha Razer hutambuliwa na Synapse, na kile cha bandia hukaa kimya. Shahidi wa pili ni mizani. Katika mkoa huu wa dhahabu, ambamo wanunuzi wa upande wa Buhemba hupima vumbi kwa gramu, si taabu kupata mizani ya kukuambia kama kipanya kilichoandikwa gramu 85 kina 110. Ukiagiza kutoka Kariakoo au Mwanza, nacho kiletwe kwa basi, mwombe muuzaji akupelekee video inayoonesha kipanya kimechomekwa na programu imekitambua, kabla hujamtumia fedha kwa simu. Anayekataa hilo amekwisha kukujibu.

Mkeka usiudharau. Kihisi kizuri juu ya meza ya kioo au juu ya kitambaa cha mezani chenye maua ni mali iliyopotea, na mwenye kugeuka kwa sentimita 52 anahitaji uwanja wa sentimita 40 kwa 45 walau. Mkeka wa kitambaa wenye mpira chini watosha. Ukingo ukianza kufumuka mpe fundi cherehani aushone, na uchafu ukishika uufue kwa sabuni ya unga na maji baridi, uuanike kivulini mpaka mpira wa chini ukauke kabisa.

Ukishakipata kipanya, chagua nukta na kipimo kimoja, ukae nacho mwezi mzima usikiguse hata ukifungwa kila siku, kwa kuwa mkono hujifunza polepole kuliko hasira. Na unapoagiza, agiza pamoja nacho seti ya pili ya nyayo, zile za plastiki nyeupe zinazoteleza. Zitachakaa kabla ya kitu kingine chochote, maduka ya hapa huziuza kwa nadra, na mzigo mmoja wa basi ni nafuu kuliko miwili.